Nilipovua viatu mlangoni Kariye

Kwa muda wa miaka mitatu na ushei sikulitaja jina la binti yangu. Akipiga simu nyumbani kwetu Buruburu, nilimkabidhi mama yake simu na kusema tu, "Ni mtoto wako." Mama watoto alinitupia jicho la lawama, nami nikajifanya nasoma gazeti.

Chanzo cha mambo hayo yote kilikuwa jina. Kifungua mimba wangu nilimwita Maria, jina la mama yangu mzazi. Alibatizwa kwa jina hilo, akapata kipaimara kwa jina hilo, na kwa miaka mingi alikuwa akisimama mstari wa mbele katika kwaya ya watoto, sauti yake nikiitambua miongoni mwa sauti arobaini. Kisha, alipokuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, alikuja nyumbani Jumamosi moja amejitanda mtandio, akaketi kitini kwa adabu na kutuambia kwamba alikuwa amesilimu. Hakuwako mwanamume aliyemvuta, ingawa majirani walivumisha hivyo. Alisema alikuwa amesoma, akafikiri, akaamua. Tangu siku hiyo aliitwa Maryam.

Msomaji mpendwa, sikumpiga wala sikumfukuza. Nilifanya jambo baya zaidi. Nilimwambia kwamba Maria wangu alikuwa amekufa, na huyo Maryam nilikuwa simjui. Wahenga walisema kujikwaa ulimi ni kubaya kuliko kujikwaa dole. Dole langu lingekuwa limekwisha kupona zamani.

Alipomaliza shahada ya kwanza alipata ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki, akaenda Istanbul kusomea shahada ya uzamili. Sikumsindikiza uwanja wa ndege.

Ndipo Aprili mwaka 2025 zamu ya Mama watoto kupokea pesa za chama ikafika. Nilidhani tungebadilisha mabati. Jioni moja aliniwekea bahasha mezani kando ya sahani ya ugali. Ndani mlikuwa na tiketi ya ndege.

"Mbona moja?" nikauliza.

"Kwa sababu mimi sikugombana na mtu," akajibu. "Jina lililoandikwa hapo ni lako, Baba Maria. Nenda."

Ndivyo mwalimu mstaafu aliyefundisha Historia kwa miaka 28 alivyojikuta Istanbul, mji ambao nilikuwa nikiuandika ubaoni kwa jina lake la zamani, Constantinople, na kuwaambia wanafunzi wakariri kwamba Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mwaka 1453. Binti yangu alinipokea kwa heshima zote. Alinibebea mkoba, akanipikia, akanitandikia kitanda chake na yeye akalala kwa rafiki yake. Tulizungumza juu ya hali ya hewa, bei ya unga na magoti ya mama yake. Siku tatu zikapita hivyo, nikimwita "wewe" na "mwanangu", naye akiniitikia "naam, Baba". Jina halikutoka kinywani mwangu.

Siku ya nne akasema, "Baba, wewe ni mtu wa historia. Leo nitakupeleka mahali."

Tulipanda basi hadi Edirnekapı, karibu na kuta kuukuu zilizoujengea mji boma tangu karne ya tano. Tukateremka vichochoro vyenye nyumba za mbao na paka wasiohesabika. Njiani alinunua mkate wa duara uliopakwa ufuta, ule ambao Waturuki huuita simit, akautia mkobani. Kisha tukatokea mbele ya jengo la matofali mekundu lenye makuba kadhaa na mnara mmoja wa msikiti. Kwenye kibao cha wageni nikasoma neno lililonifanya nicheke kwa mara ya kwanza tangu nilipotua: Chora.

"Nichore nini?" nikamwuliza.

Naye akacheka. "Si Kiswahili hicho, Baba. Ni Kigiriki. Maana yake ni shamba, au nchi."

Akanieleza kwamba zamani hapo palikuwa mashambani, nje ya boma la mji, na kwamba mji ulipokua ukapameza, jina likabaki. Nilimwelewa upesi. Kangemi na Kawangware zilikuwa mashamba kabla ya Nairobi kuzifikia. Waturuki hupaita Kariye.

Nililipa Yuro 20 mlangoni kama wageni wengine, karibu shilingi elfu tatu za kwetu, nikanung'unika kidogo kama ilivyo ada ya wastaafu. Lakini nilipoingia ukumbi wa kwanza na kuinua macho, manung'uniko yalikatika.

Kuta na dari zilikuwa zimejaa dhahabu. Hazikuwa picha za brashi na rangi. Zilikuwa mozaiki, yaani vipande vidogo vya mawe na kioo vilivyopachikwa kimoja kimoja kwenye lipu ikiwa bado mbichi. Vile vya dhahabu vina karatasi nyembamba ya dhahabu iliyobanwa ndani ya kioo. Mafundi hawakuvilaza sawasawa kama vigae vya jikoni. Waliviinamisha huku na huku ili kila kimoja kishike mwanga kwa njia yake. Ukipiga hatua mbili, ukuta mzima unametameta upya kama ziwa linalopigwa na upepo.

Juu ya mlango wa kuingilia ukumbi wa pili palikuwa na picha ya Yesu, na pande zake maandishi ya Kigiriki.

"Yanasemaje?" nikauliza.

"Wanacheza na jina la mahali," akasema. "Yanamwita yeye nchi ya walio hai."

Sijui kama alikusudia kunichoma. Nadhani hakukusudia. Lakini mimi niliyesema kwamba mtoto wangu amekufa nilisimama chini ya maneno hayo kijasho chembamba kikinitoka, naye yuko kando yangu mzima wa afya, amenishikia koti.

Tukaingia ukumbi wa pili. Juu ya mlango wa sehemu ya kusalia pana picha ya mwanamume mwenye ndevu, aliyevaa kilemba kikubwa ajabu, kikubwa kuliko kichwa chake mara mbili. Amepiga magoti na kumkabidhi Yesu jengo dogo mikononi, mfano wa kanisa lenyewe. Huyo ndiye Theodore Metochites, waziri mkubwa wa Mfalme Andronikos wa Pili wa Bizanti, msomi na mshairi, mmoja wa watu matajiri kabisa wa zama zake. Jengo lenyewe ni la zamani zaidi yake, lakini ni yeye aliyegharamia ukarabati na mapambo haya, kati ya mwaka 1315 na 1321 hivi.

Baada ya ushindi wa mwaka 1453 kanisa liliendelea kusimama, na mwanzoni mwa karne ya 16 waziri mmoja wa Sultani, Atik Ali Pasha, akaligeuza kuwa msikiti. Mihrabu ikawekwa, mnara ukajengwa, na kwa miaka na miaka picha nyingi zikafunikwa kwa chokaa na lipu. Mwaka 1945 serikali ya Uturuki iliamua pawe makumbusho. Mwaka 1948 wataalamu kutoka Marekani, wakiongozwa na Thomas Whittemore na baadaye Paul Underwood, walianza kuzisafisha picha na kuimarisha kuta. Mwaka 1958 milango ikafunguliwa kwa umma. Kisha mwaka 2019 mahakama kuu ya mambo ya utawala ikaufuta uamuzi wa kupafanya makumbusho, mwaka 2020 Rais Recep Tayyip Erdoğan akatia saini amri ya kuparudisha kuwa msikiti, na Mei 2024 sala zikaanza tena. Ugiriki ilipinga. Kwa Waturuki wengi ilikuwa sherehe.

Nikiwa bado nautazama ukuta, tabia yangu ya ualimu ikanishinda. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyepata hoja, "Unaona? Hata walipopaka chokaa, picha zilibaki chini yake. Siku moja chokaa huanguka."

Alinyamaza kitambo. Kisha akanijibu polepole, bila hasira.

"Baba, mimi si ukuta. Hakuna mtu aliyenipaka chokaa."

Nilimeza mate machungu. Miaka 28 ya kusimama mbele ya darasa, na sikuwa na jibu.

Nikatafuta pa kukimbilia. "Basi wewe waonaje? Walifanya haki kupageuza tena?"

"Mimi nasali hapa, na nikisali nafurahi," akasema. "Lakini nimeona pia mwanamke Mgiriki akilia pale penye mlango. Nilimpa karatasi ya kujifutia machozi. Sikuona kwamba furaha yangu inanikataza kumhurumia."

Hakusema zaidi. Alinishika kiwiko na kunipeleka upande wa kushoto wa ukumbi ule, akisema kuna picha alizotaka nizione hasa. "Hapa ni maisha ya bibi," akasema. Kwa bibi alikuwa na maana ya mama yangu, au tuseme yule ambaye mama yangu aliitwa kwa jina lake.

Nilizaliwa Mkatoliki na nimesali rozari tangu utotoni, lakini sikuwa nimewahi kuyaona maisha ya utotoni ya Bikira Maria yamepangwa ukutani picha baada ya picha. Pana picha ya Maria akiwa mchanga wa miezi sita, akipiga hatua zake saba za kwanza kumwendea mama yake, Anna, aliyenyosha mikono kumpokea. Na juu darini pana Yoakimu na Anna wameketi pamoja, mtoto wamempakata katikati yao. Baba amemwinamia, shavu lake likikaribia la mtoto. Mama naye vivyo hivyo. Hakuna malaika hapo, wala kiti cha enzi. Ni mtu na mke wake wanambembeleza binti yao.

Nilimkumbuka Maria wangu akiwa na mwaka mmoja na meno manne, akilala kifuani mwangu umeme ulipopotea mtaani. Nikajisogeza nyuma ya nguzo kidogo ili nijipanguse uso.

"Na hii je?" nikauliza nikionyesha nyingine, mradi nipate la kusema. Maria msichana ameketi hekaluni na malaika anamletea mkate.

"Hii naijua vizuri," akasema, na uso wake ukachangamka kama alipokuwa mdogo na amejua jibu la swali darasani. "Imo katika Kurani. Alikuwa chini ya ulezi wa Zakaria. Kila Zakaria alipoingia alipokuwa Maryam katika mihrabu, alimkuta na chakula. Akamwuliza kimetoka wapi, naye akamjibu kwamba kimetoka kwa Mwenyezi Mungu."

Nilishangaa. "Katika Biblia hamna kisa hicho."

"Ndiyo, hamna. Wakristo wa zamani walikuwa nacho katika kitabu kingine cha kale, ndicho mafundi hawa walichokifuata. Baba, misikiti mingi ya hapa Uturuki ina maneno ya aya hiyo yameandikwa juu ya mihrabu. Watu wakielekea kibla, mbele yao ni kisa cha Maryam."

Nikabaki nimeduwaa. Picha ilitengenezwa na Wakristo kwa fedha za waziri Mkristo, nami Mkristo nilihitaji binti yangu Mwislamu anisomee.

Mara adhana ya Adhuhuri ikasikika. Mlinzi akawaomba wageni kwa upole watoke sehemu ya kusalia. Binti yangu akaniangalia.

"Utanisubiri hapa, Baba? Si muda mrefu."

Nikaitikia kwa kichwa. Akavua viatu, akaingia na kupotea nyuma ya mlango, nami nikabaki chini ya yule mwenye kilemba kikubwa.

Nilikuwa na muda wa kumtafakari. Mwaka 1328 mfalme wake alipinduliwa na mjukuu, Andronikos wa Tatu. Metochites akapoteza cheo, jumba lake likaharibiwa, mali ikataifishwa, naye akapelekwa uhamishoni. Baadaye aliruhusiwa kurudi mjini. Alirudi hapa, akawa mtawa mnyenyekevu katika monasteri ile ile aliyokuwa ameipamba alipokuwa bwana mkubwa, na akafa mwaka 1332. Mtu aliyepajenga alimalizia siku zake hapa akiwa mkaaji tu, anakula wanachokula wengine na kulala kwenye chumba alichopewa.

Nikajiuliza, je, si ndivyo sisi wazazi? Tunajenga, tunagharamia, tunachagua kila rangi na kila jina. Kisha siku yaja ambapo nyumba ina mwenyewe, na sisi hatuingii tena kama wenye mji. Tunaingia kama wageni. Twaweza kukaribishwa vizuri sana, lakini lazima tubishe hodi.

Sauti za sala zilinyamaza. Watu wakaanza kutoka, na mlinzi akaashiria kwamba wageni waweza kuingia tena. Binti yangu hakutoka. Nilingoja. Nilitazama zulia, nikatazama viatu vyangu. Nitasema kweli: niliogopa. Niliona kana kwamba kuvua viatu hapo ni kutia saini jambo ambalo nilikuwa nimelikataa kwa miaka mitatu. Halafu nikakumbuka kwamba hata kwa mama yangu, mwenye jina lenyewe, hakuna aliyeingia na viatu vyenye matope.

Nikainama, nikavivua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu na kidole gumba kimechungulia. Hivyo hivyo nikaingia.

Picha zilizo upande huo wa kusalia zilikuwa zimefunikwa kwa pazia. Kuta zake ni za marumaru, kimya na baridi. Nilimwona ameketi nyuma, mahali pa wanawake, ameinamisha kichwa, viganja viwili vimefunguka mapajani. Sikutaka kusogea huko. Nikasimama ukingoni, nikakohoa. Hakusikia. Nikajaribu kuita, sauti ikakwama. Nikajaribu tena.

"Maryam."

Wanawake watatu wakageuka. Kumbe katika Uturuki Meryem ni jina la kawaida kama Wanjiku kwetu! Wawili wakanitazama kwa mshangao, mzee Mwafrika asiye na viatu na kidole nje. Wa tatu alikuwa mwanangu. Hakusema neno. Alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Baadaye, tulipokuwa tumekaa nje juani, alitoa ule mkate wa ufuta, akaukata vipande viwili na kunipa kilicho kikubwa. Tulikula tukinywa chai ya rangi katika vibilauri vidogo. Nikamwomba radhi kwa lile neno la kifo. Alinisamehe, lakini hakuniambia kwamba halikumwuma. Alisema liliuma sana, na kwamba bado kuna siku linauma. Nilistahili kusikia hivyo.

Nilipompigia simu Mama watoto jioni hiyo, nilimwambia, "Ongea na Maryam." Upande wa pili wa simu palikuwa kimya kwa muda mrefu, kisha nikasikia kigelegele ambacho nadhani hata majirani wa Buruburu walikisikia.

Nisieleweke vibaya. Mimi sijabadili dini wala sina nia, na binti yangu vilevile. Jumapili nikienda misani bado nina pengo kando yangu kwenye benchi, na pengo hilo nalihisi. Lakini Ijumaa nikiwa katikati ya jiji, nikisikia adhana kutoka msikiti wa Jamia, huwa nasimama kidogo na kumkumbuka mtu mmoja aliye mbali anayeinama wakati huo huo au karibu nao.

Mzazi mwenzangu, mtoto anaweza kuchukua njia usiyomchagulia. Mkanye ukiona anapotea, mwulize, bishana naye ukitaka. Lakini usimzike akiwa hai. Na wewe mwanafunzi usomaye haya mbali na nyumbani, ukiwa na mzee mkaidi aliyekataa kulitaja jina lako, mvumilie kidogo. Mwalike uendako. Huenda naye anatafuta tu mlango wa kuvulia viatu.